Makoti Mekundu ya Januari

Mzee yule alinisalimu kwa sifa za ukoo wangu, nami sikujua kwamba nimesalimiwa.

Ilikuwa Oktoba, Guangzhou bado ina lile joto la kunata, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa metro pale Sanyuanli nikimngoja mteja mpya kutoka Afrika Kusini. Tulikuwa tumewasiliana kwa simu tu. Nilimtarajia kijana mwenye kofia ya kapelo, kama wengi wanaokuja kununua nguo. Akaja mzee mrefu, suti ya kahawia, viatu vimeng'arishwa, mwalimu mstaafu kama nilivyokuja kujua baadaye. Alisoma jina langu kwenye kadi yangu ya biashara, akalirudia kwa nguvu, kisha akaanza kutamka maneno marefu kwa sauti ya kupanda na kushuka, huku watu wakitupita kushoto na kulia na mabegi yao. Alipomaliza akanitazama kama mtu aliyebisha hodi.

"Mbona hujibu?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Nijibu nini, mzee wangu?"

"Hizo ni sifa za ukoo wenu. Nimekutajia babu zako mmoja mmoja. Kwetu watu wenye jina hili wapo, majirani zangu. Wewe ni wetu, mwanangu."

Mimi ni Mngoni wa Songea, na jambo nililofundishwa tangu utotoni ni kwamba tulitoka huko kusini tukimkimbia mfalme wa Wazulu. Bibi yangu alilisimulia hilo kwa uchungu, kama anayemsema mkwe mbaya. Sasa Mzulu mwenyewe ananiita mwanangu, katikati ya Wachina, na kunitajia babu ambao mimi siwajui hata kwa majina. Nilimwambia, "Mzee, sisi tuliwakimbia ninyi."

Alicheka. "Na sisi tuliobaki, unadhani tulibaki kwa kupenda?"

Hapo nikapotea kabisa, na ndivyo nilivyokaa kwa muda wote aliokuwa mgeni wangu.

Kazi yangu ni uwakala. Nawapeleka wanunuzi Shahe kwenye nguo za bei rahisi, nawapeleka Liuhua kwenye viatu, nawatafsiria, nawagombania bei, kisha nasimamia mizigo yao mpaka ifike ofisi ya kago. Nimeshasimamia madela, vyerehani, nywele za bandia, hata kengele ya kanisa. Nilidhani hakuna agizo la kunishangaza. Tulipokaa ofisini, mzee akafungua simu yake na kunionyesha picha ya koti jekundu lenye vifungo vya shaba na kola ya kijani.

"Nataka haya," alisema. "Makoti ya askari wa Kiingereza wa enzi zile."

Aliniambia ni ya Januari. Kila Januari, chini ya mlima wa Isandlwana, watu wa kwao hukumbuka siku ambayo Wazulu waliwashinda Waingereza. Vijana huvaa ngozi na kushika ngao, wakaigiza vita mbele ya wazee, wageni na watalii. Zamani walikuwa wakija wazungu wenye makoti yao, wanalala kwenye nyasi na kujifanya wamekufa, jioni wanakunywa chai na kuondoka. Lakini wamezeeka, magoti yao hayakubali tena kuanguka.

"Kwa hiyo Waingereza wataigizwa na nani?"

"Na vijana wetu wenyewe. Ndiyo shida yangu. Hakuna anayetaka. Nikafikiri nikiwaletea makoti mazuri, labda watapenda."

"Mzee, mnashangilia ushindi, halafu unasafiri mpaka China kumshonea nguo mshindwa?"

"Vita vya mtu mmoja vinaigizwaje?" alinijibu.

Nikauliza kama kuna kingine anachohitaji. Akapekua simu, akanionyesha kofia nyeupe za kike za kizamani, zile zenye ukingo mpana unaofunika uso pande zote na kamba za kufunga kidevuni. Hizo, alisema, ni za mke wa jirani yake, Kaburu mwenye shamba la ng'ombe upande wa pili wa barabara. Wanawake wa kwao huzivaa Desemba, wanapokwenda kwenye Mto Ncome kukumbuka siku ambayo Makaburu waliwashinda Wazulu.

Niliiweka kalamu chini. Mimi nimekulia Tanzania ya miaka ambayo redio ilisema "Makaburu" na mtoto akajua ni nani anayetajwa. Michango tulichanga, nyimbo tuliimba.

"Yaani umebeba agizo la watu wanaosherehekea kuuawa kwenu?"

"Aliposikia nakuja huku aliniomba. Ni jirani. Ng'ombe wangu walipotumbukia kwenye tope ni yeye aliyeleta trekta." Akafikiri kidogo. "Na siku hiyo hiyo sisi pia tunakwenda. Wao wana mnara wao ng'ambo moja, sisi tuna wetu ng'ambo ya pili. Tunaonana kabisa. Tunapungiana mikono."

"Na Waingereza ni marafiki wa Makaburu?"

"Ala! Waingereza walipigana na Makaburu vita vibaya sana. Bibi yake huyo jirani yangu alifia kwenye kambi ya Waingereza, mtoto mgongoni. Wana siku yao ya kulilia hilo. Na watu wetu walikufa humo humo, kambi za pembeni, ambazo hakuna aliyezikumbuka mpaka juzi."

"Sasa adui wa nani ni nani?"

Mzee alinitazama kwa huruma, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake nyuma ya darasa. "Inategemea mwezi," alisema.

Kesho yake tulivuka mto kwenda kwenye soko la vitambaa upande wa kusini, tukapata sufu nyepesi nyekundu, kisha nikampeleka kwenye karakana ya mama mmoja ambaye nimefanya naye kazi miaka mingi. Laobani wangu, ndivyo ninavyomwita, kwa kuwa hapa kila mwenye duka au karakana huitwa laobani, bosi. Aliigeuza picha ya koti huku na huku.

"Ni ya wabeba mizigo wa hoteli?" aliuliza.

"Ni ya vita."

"Nani anapigana?"

Nilianza kueleza, nikakwama kwenye sentensi ya pili. Kichina changu ni cha sokoni; kinajua bei, vipimo, tarehe na kukataa. Hakikuwa na maneno ya jambo hili, na sina hakika Kiswahili changu kilikuwa nayo. Nikasema ni ya maigizo. Laobani akaridhika, akashona koti la mfano.

Nililichukua koti lile nyumbani nikalifua, maana rangi nyekundu ya bei nafuu ina tabia ya kuchuja. Nikalitundika barazani, ghorofa ya tatu, kwenye moja ya zile nyumba za Sanyuanli zilizosongamana hadi jirani anaweza kukupa chumvi kupitia dirishani. Mzee alikuwa amekuja kuliona likikauka, na nilikuwa nimempikia ugali na kisamvu cha kopo. Tukiwa tunakula, mlango ukagongwa kwa ngumi.

Alikuwa mama mwenye nyumba. Ni mwanamke wa umri wa mama yangu, nami humwita ayi kama vijana wa huku wanavyowaita wanawake wa rika lake. Familia yake ilikuwa Sanyuanli tangu Sanyuanli ilipokuwa kijiji cha mpunga. Hakunisalimu. Alipita moja kwa moja mpaka barazani, akaushika mkono mtupu wa koti ulioning'inia.

"Nani hapa anaigiza shetani wa kigeni?" aliuliza, kwa jina ambalo wazee wa huku huwaita wazungu.

Nilidhani amekasirika. Mtaa ule una mnara wa mashujaa, wakulima wa zama za vita vya kasumba waliowazingira Waingereza kwa majembe na mikuki mvua ikinyesha, bunduki zikalowa zikagoma kulia. Nami nilikuwa nimetundika sare ya Waingereza juu ya kichochoro chake. Nilianza kuomba radhi. Alinikatisha.

"Nimeuliza ni nani."

Nikamwonyesha mzee. Nikasema ni mwalimu, anatoka Afrika Kusini, watu wake nao walipigana na Waingereza, wanaigiza kila mwaka, na vijana hawataki kuvaa koti hili. Nilisema vibaya, maneno yakigongana, lakini lile la mwisho alilielewa. Aliketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Mimi nilikuwa Mwingereza," alisema.

Nilimwomba arudie. Alirudia polepole, kama tunavyosemeshwa wageni. Alipokuwa shule ya msingi, kila mwaka watoto waliigiza ushindi wa Sanyuanli. Kila mtoto alitaka kuwa mkulima. Mwalimu aliwachagua Waingereza kutoka familia zenye sifa mbaya machoni pa serikali, na babu yake ayi alikuwa na mashamba kabla ya mapinduzi, kwa hiyo yeye alikuwa Mwingereza mwaka baada ya mwaka, ingawa ni msichana. Koti lilikuwa la karatasi iliyopakwa rangi. Mvua ya maigizo ilikuwa maji ya ndoo, na karatasi ikichuja, rangi iliteremka shingoni mpaka kwenye fulana, nyumbani mama yake akimsugua na kulia. Majembe yalikuwa ya mti, lakini watoto walipiga kwelikweli.

"Babu wa babu yangu alikuwa miongoni mwa wakulima wale," alisema. "Jina lake linajulikana. Na mimi nilipigwa kama Mwingereza. Muulize mwalimu, kwao wanawachaguaje?"

Nilimtafsiria mzee. Aliacha kula. Alinawa mikono, akaifuta kwa leso kidole kimoja kimoja, mpaka nikaogopa kwamba nimetafsiri tusi.

"Mwambie naomba anipeleke kwenye huo mnara," alisema.

Tulishuka watatu. Ni mwendo mfupi, na mimi huupita mnara ule kila siku nikienda kazini bila kugeuza shingo. Alasiri ile kulikuwa na wanaume wachache wakicheza karata chini ya miti, na shada la maua ya plastiki ambalo nadhani liliachwa na wanafunzi. Mzee alivua kofia. Ayi akamweleza kwa mikono: mvua, majembe, kukimbia.

"Mwishowe nani alishinda?" mzee aliuliza.

"Sisi," alisema ayi. "Siku ile. Halafu mkuu wa mji akaja akawaambia wakulima warudi nyumbani, na Waingereza wakaondoka na walichokitaka."

"Na sisi vivyo hivyo," mzee alisema. "Tulishinda siku ile. Miezi michache baadaye walirudi wengi, wakauchoma mji mkuu, wakamchukua mfalme. Lakini siku ile tulishinda."

Nikatafsiri, na ayi akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba wamethibitishiana undugu. Nami nikadhani mambo yameisha, twende tukamalize ugali. Ndipo mzee akanishika kiwiko.

"Hili usimtafsirie," alisema. "Au mtafsirie, sijui. Mimi ninaposema 'tulishinda,' mwanangu, sisemi kweli."

Aliniambia kwamba pale Isandlwana mamia ya waliokufa upande wa Waingereza hawakuwa Waingereza. Walikuwa Waafrika wa Natal, watu waliomkimbia mfalme wa Wazulu kwa sababu zao, wakaishi chini ya Waingereza na kuandikishwa jeshini. Hawakupewa makoti. Walipewa kitambaa chekundu cha kufunga kichwani, ili wazungu wasiwapige risasi kwa makosa. Babu wa baba yake alikuwa mmoja wao. Alikufa chini ya mlima ule kitambaa kikiwa kichwani, akiuawa na watu wa lugha yake.

"Kila Januari nasimama na wazee wenzangu naimba nyimbo za washindi. Hakuna anayejua. Baba yangu aliniambia akiwa anakufa, na aliniambia ili ninyamaze."

"Sasa yale makoti…"

"Sijui," alisema. "Kweli sijui. Labda nilitaka mtu awaonee huruma waliolala kwenye nyasi. Hata wakiwa wamevaa koti lisilo lao."

Sikujua nisimame upande gani wa maneno yale. Bibi yangu alisema sisi ni waliokimbia, na mzee naye kumbe ni wa waliokimbia. Ila wale wetu walikimbia mbali, wakafika Songea na wao wakawa wa kukimbiwa. Majirani zetu Wamatengo na Wandendeule wana hadithi zao juu yetu, na si nzuri. Ayi aliniuliza mzee anasema nini. Nikamtafsiria, kwa kuwa nilishindwa kuamua na kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi. Alisikiliza. Kisha akauliza jambo moja tu: kitambaa kilikuwa na upana gani?

Mzee alionyesha kwa vidole.

Siku laobani alipokamilisha kazi, ayi alikuja nasi karakanani. Hakuombwa. Aliketi kwenye meza ya kukatia, akachukua mabaki ya ile sufu nyekundu na mkasi, akakata tepe ndefu moja baada ya nyingine, laobani akimwangalia kwa mshangao. Mzee alizipokea, akazikunja, akaziweka katikati ya makoti, chini ya kofia nyeupe za jirani yake Kaburu. Tukafunga katoni kwa gundi na kamba. Tulipoagana uwanja wa ndege alinitajia tena sifa za ukoo wangu, na safari hii nilikuwa nimejifunza kwake neno la kuitikia. Nililitamka vibaya. Hakunisahihisha.

Januari alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imechoka. Makoti yalipendwa, alisema, vijana waligombania hata kuwa Waingereza, wakawa wanapigana picha. Lakini yeye mwenyewe hakukaa jukwaani na wazee. Alifunga kitambaa chekundu kichwani, akateremka uwanjani, akalala kwenye nyasi pamoja nao.

"Wakasemaje?"

"Mwanzoni walidhani mzee ameanguka jua limempiga. Wakanimiminia maji." Akacheka kidogo. "Nilipowaeleza, wengine waliondoka. Mwenyekiti wa kamati yetu ya sherehe hajanisemesha mpaka leo. Halafu akaja mwanamke mmoja mzee, simjui, ametoka mbali kwa basi. Akaniomba kitambaa kimoja. Hakusema cha nani. Nikampa."

"Umefurahi, mzee?"

"Mke wangu ananiuliza hivyo hivyo. Nalala vizuri. Ila naona aibu mbele ya baba yangu. Inawezekana, vyote viwili?"

Nilimwambia inawezekana, kwa kuwa ni mkubwa kwangu na alitaka kusikia hivyo.

Baada ya simu ile nilimpigia shangazi yangu Songea. Kila Februari kwetu tunawakumbuka wapiganaji wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani. Nikiwa mwanafunzi nilisimama juani pale makumbusho na sare yangu ya shule, nikaimba, na sikumbuki hata mwaka mmoja ambao baba yangu alikuja. Alikuwa na kazi ya shamba siku hiyo, au mgongo unamsumbua. Sikuwahi kuuliza. Baba amekwisha kufa. Shangazi ndiye aliyebaki.

"Shangazi, babu yenu wakati wa Majimaji alikuwa wapi?"

Nilisikia kuku wake.

"Alikuwa mbeba mizigo."

"Ya nani?"

"Ya mwenye bunduki."

"Alijitolea au alishikwa?"

"Wewe mtoto, siku zile kulikuwa na tofauti? Alirudi na sufuria ya chuma na kovu. Sufuria tuliipikia. Kovu hakulisema." Kisha akabadili sauti. "Umeambiwa nini huko China? Nani anakuuliza mambo haya?"

Nikamweleza juu ya mzee, na makoti, na ayi aliyekuwa Mwingereza wa karatasi. Nilieleza kwa Kiswahili safi, lugha niliyozaliwa nayo, na bado nilikwama palepale nilipokwama kwa laobani. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hajaelewa, nianze tena.

Nikaanza tena. Chini dirishani mtu alikuwa akishusha katoni kutoka kwenye mkokoteni wa umeme, akipiga kelele watu wapishe, na ilinibidi nipandishe sauti ili shangazi anisikie.